Siti Niliyosema Haipo

Mwezi wa pili mwaka huu mama aliniandikia ujumbe kuniuliza kama kuna siti kwenye ndege ya kuja nyumbani. Niliangalia. Siti ilikuwepo. Nikamjibu, "Hakuna mama, labda mwisho wa mwezi wa tano."

Nimejaribu mara tatu kuanza na kitu kingine. Nilianza na mvua, nikaanza na bibi, nikaanza na siku mama alipoondoka, na kila mara ukurasa ulijaa maneno mazuri yanayolizunguka hilo jambo bila kuligusa. Kwa hiyo naanza nalo, ili nisipate pa kulikwepea.

Mama alikuwa anafanya kazi za ndani Muscat. Aliondoka nikiwa darasa la tatu. Sasa niko kidato cha tatu, na katika miaka yote hiyo alikuwa amerudi mara moja tu, nikiwa darasa la tano. Mkataba wake ulimpa tiketi ya likizo kila baada ya miaka miwili, lakini unaruhusiwa kuomba upewe hela badala ya tiketi, na wanawake wengi wa huku kwetu walioko kule huchukua hela. Mama naye alichukua mara mbili mfululizo. Ya kwanza ikawa mabati ya nyumba ya bibi, mama yake mzazi, kijijini Kang'ata. Ya pili ikawa saruji ya sakafu na choo. Ukiingia kwa bibi unakanyaga sakafu nzuri, laini, na mimi kila nikiikanyaga nilijua nakanyaga likizo ya mama.

Ninakaa Manundu, hapa Korogwe, kwa mjomba, kaka yake mama, mwenye duka la spea za pikipiki. Mke wake namwita anti. Ni watu wazuri. Mama alipiga simu kila Ijumaa jioni, na simu iliwekwa sauti kubwa mezani ili sote tusikie. Ikifika zamu yangu mambo yalikuwa hivi:

"Mzima mwanangu?"

"Mzima."

"Shule?"

"Nzuri."

Halafu nikanyamaza, na anti akacheka, "Huyu mtoto maneno yake unanunua," akaichukua simu. Mimi ni mtu wa aibu. Shuleni nikiulizwa jina nalisema mpaka mara tatu ndipo linasikika. Mbele ya watu sauti ya mama ilinifunga koo kabisa, na mambo yote niliyoyaweka wiki nzima ya kumwambia yalirudi chini kama maji kwenye bomba la Manundu.

Ila tulikuwa na kitu kimoja cha kwetu wawili, nacho kilikuwa pointi.

Familia aliyoifanyia kazi, kila joto likizidi kule, ilisafiri kwenda nchi za baridi, na mama alienda nao kushika watoto. Wenyewe walikaa mbele kwenye siti pana, mama akakaa nyuma na watoto, mapacha. Lakini shirika la ndege linamhesabu kila aliyekaa kwenye siti, awe bosi awe dada wa kazi, na linampa pointi kwa umbali aliosafiri. Bosi wake wa kike, ambaye mama alimwita madam, ndiye aliyemwambia ajiandikishe. Fomu ilikuwa ya Kiingereza. Mama akanitumia picha ya pasipoti yake na kuandika, "Nijazie wewe msomi wangu." Nilikuwa kidato cha kwanza. Nilimfungulia akaunti kwenye simu yangu yenye kioo kilichopasuka, ambayo aliituma kwa mtu, na tangu siku hiyo pointi zake nilizitunza mimi. Tuliandikiana juu yake karibu kila siku. Zimeingia? Zimeingia mama. Ngapi sasa? Mtu mwingine angesoma zile meseji angedhani tuna duka.

Nilijifunza. Nilisoma kurasa za watu wanaojua mambo hayo, kamusi ikiwa pajani. Nilijua kwamba thamani ya pointi unaipata kwa kuchukua bei ya tiketi na kuigawanya kwa pointi unazoombwa. Nilijua kwamba kubadilisha pointi kwa vitu vya kwenye orodha yao, mabegi na manukato na mashine za kusagia juisi, ni kuzitupa. Kulipia kodi za uwanja wa ndege kwa pointi ni kuzitupa vibaya zaidi. Cha maana ni tiketi nzima, kwenye msimu ambao watu hawasafiri, na usiangalie uwanja mmoja tu. Kutoka Korogwe, Dar na Kilimanjaro ni karibu mwendo ule ule, lakini pointi zinazoombwa zinaweza kutofautiana sana.

Wakati fulani mama alitaka kumchukulia bibi sufuria la presha kwenye ile orodha, maana maharage ya bibi yalikuwa yanakula kuni kutwa nzima. Nilimkatalia. Nilimpigia hesabu, nikamwonyesha kwamba sufuria lile kwa pointi ni sawa na kulinunua mara nne. Akacheka kwa maandishi. "Haya mtaalamu, nimekubali."

Bibi alipoambiwa alisema, "Kwa hiyo ndege yako imekula sufuria langu."

Ndivyo alivyoniita baada ya hapo: mwenye ndege. Nikifika Kang'ata wakati wa likizo, kabla sijamaliza kusema shikamoo, alikuwa ananiuliza, "Mwenye ndege, umeiegesha wapi?"

"Hapo nje bibi, kwenye mihogo."

"Isije ikanikanyagia mihogo yangu."

Mbele ya bibi sikuwa na aibu. Sijui kwa nini.

Sasa kuhusu mwezi wa pili. Mama alikuwa na pointi elfu thelathini na nane na mia mbili. Siti niliyoiona ya tarehe ishirini ilitaka elfu thelathini na nne, kuja tu bila kurudi. Lakini mwisho wa mwezi wa tano bei ilishuka mpaka elfu kumi na tisa. Kuja kumi na tisa, kurudi kumi na tisa, jumla thelathini na nane. Zinabaki mia mbili. Niliiona hesabu ile nikasisimka mwili. Ilikuwa imekaa kama imeshonwa. Mama angekuja, angekaa, angerudi kwenye kazi yake, na madam alishaahidi kwamba kodi za uwanja atalipa yeye. Watu wa kwenye zile kurasa wangenipigia makofi.

Kama ningemwandikia mama hivyo hivyo, kwamba ipo ya sasa ya kuja tu na ipo ya baadaye ya kuja na kurudi, angechagua mwenyewe. Sikumwandikia. Niliandika hakuna.

Nimejiuliza sana kwa nini, na jibu ninalo, ila linaniumiza kuliandika. Mwezi wa pili shule iko wazi. Mama angefika, angelala Manundu siku mbili, halafu angeenda Kang'ata kwa mama yake, kwa sababu ujumbe wake ulisema, "Nimemuota mama anapalilia peke yake, roho yangu haijatulia." Angekaa huko likizo yote, mimi nikapata Jumamosi na Jumapili tu. Mwisho wa mwezi wa tano tunafunga shule. Ningekuwa naye kila siku, asubuhi mpaka jioni, mwezi mzima. Nilimtaka mama wakati wangu. Hesabu ya pointi ilikuwa ya kweli, lakini nilijificha nyuma yake.

Alijibu, "Basi tusubiri mwanangu. Wewe ndiye unayejua."

Mwezi wa nne, mvua zikiwa zimeanza kukolea, jirani wa bibi alimpigia mjomba. Bibi alikuwa amevimba miguu, hawezi kulala chali, akilala anakosa pumzi. Mjomba akaenda, akampeleka hospitali, wakakaa siku tano. Daktari alisema moyo umechoka. Wakapewa dawa na kurudishwa nyumbani.

Jioni aliporudi Korogwe, matope yakiwa mpaka magotini, mjomba aliketi kabla hata ya kunawa. Alisema, "Dada yenu asiambiwe."

Aliposema dada yenu alimaanisha mama. Anti akaitikia kwa kichwa. Huo ndio utaratibu wa kwetu, wala si wa nyumba yetu peke yake. Mtu wa mbali haambiwi ugonjwa. Ataambiwa nini na yeye hawezi kufanya chochote? Ataunguza chakula cha watu, atamwangusha mtoto wa watu, atalia jikoni peke yake. Unamficha mpaka mgonjwa apone, halafu unamwambia alikuwa anaumwa, sasa hajambo. Na asipopona, unamwandikia njoo nyumbani. Huongezi neno. Kila mtu wa huku anajua maana ya njoo nyumbani isiyo na maelezo.

Mjomba akanigeukia. "Na wewe mwenye kuandikiana naye kutwa. Umenisikia?"

"Nimesikia mjomba."

Ijumaa ile mama alipiga. Akataka kuongea na bibi.

"Simu ya Kang'ata haina chaji," mjomba akasema. "Mvua dada, sola haipati jua."

"Mzima lakini?"

"Mzima kabisa. Anasumbua watu na maharage yake."

Anti akacheka kwa sauti, kicheko kizuri tu cha kawaida, na nilimwona huku akicheka anajifuta jicho kwa ncha ya khanga. Zamu yangu ilipofika mama akasema, "Mzima mwanangu?" Nikasema mzima. "Shule?" Nzuri. Siku hiyo aibu yangu ilikuwa na faida kwao. Hakuna aliyeshuku ukimya wangu, kwa kuwa ndio nilionao siku zote.

Usiku aliniandikia, "Mbona kama mjomba wako ana sauti ya mafua?" Nikaandika, "Ni mvua mama." Hiyo ilikuwa ya pili. Ukishadanganya mara moja kwa akili yako, ya pili unadanganya kwa kutumwa, na huoni tofauti.

Jumamosi ya wiki iliyofuata mjomba alikubali niende na anti Kang'ata kupeleka dawa na unga. Bibi alikuwa ameketi kitandani, ameegemezwa kwenye magunia mawili ya mahindi yaliyofunikwa shuka, kwa sababu akilala anabanwa. Mikono ilikuwa imekwisha, imebaki mishipa. Miguu ilikuwa minene kama ya mtu mwingine kabisa. Nilisema shikamoo nikiwa bado mlangoni.

Alichukua muda. Halafu akasema polepole, "Mwenye ndege."

Nikaenda kukaa karibu yake.

"Leo sikuulizi umeiegesha wapi," akasema. Akapumzika, akavuta pumzi mara mbili tatu. "Nakuuliza inakuja lini."

"Mwezi wa tano mwishoni, bibi."

Aliangalia dirishani. Nje kulikuwa na mahindi yake, yamefika kiunoni, ya kijani kibichi, aliyoyapanda mwenyewe mvua za kwanza zilipodondoka. Alisema kitu kwa Kizigua, si kwangu, kama anahesabu miezi na mtu aliyekaa humo mahindini. Halafu akarudi kwenye Kiswahili.

"Haiwezi kuwahi kidogo?"

Anti alikuwa anakoroga uji jikoni. Nilikuwa peke yangu na bibi na swali lile. Nilimshika mguu, kidole changu kikaacha shimo kwenye ngozi yake, na shimo lile halikujaa. Nililiangalia mpaka anti alipoingia na uji, bado lilikuwepo.

Jumapili mchana tulirudi Korogwe. Anti akaingia jikoni. Mimi nikaenda uani, nikaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, nikaweka bando la hela niliyokuwa nimebakiza, nikafungua tovuti ya ndege. Wiki hiyo kwenda Dar hapakuwa na siti yoyote ya pointi. Sasa kweli hakuna, nikawaza, na nikahisi kama kuna mtu ananicheka. Nikabadilisha uwanja. Kilimanjaro, Alhamisi, siti moja. Elfu thelathini na nne. Kodi za uwanja juu yake. Madam aliahidi kulipa kodi za mwezi wa tano, wakati yeye mwenyewe atakuwa likizo na kukaa na watoto, si za sasa. Chini pakawa na kitufe kinachosema kodi zaweza kulipwa kwa pointi pia. Elfu tatu na mia saba. Ni ile njia mbaya kuliko zote, niliyomcheka kila aliyewahi kuitumia. Nikakibonyeza.

Ndipo ukurasa ukaniambia kwamba namba ya uthibitisho imetumwa kwenye simu ya mwenye akaunti, na siti itashikiliwa kwa dakika kumi na tano.

Namba ilikuwa imeenda Muscat, kwenye mfuko wa aproni ya mama.

Nikaandika, "Mama nisomee namba iliyoingia." Nikafuta. Angeuliza ya nini. Nikaandika, "Mama njoo nyumbani." Nikaliangalia neno lile na kulifuta haraka kana kwamba limeshika moto, kwa sababu angelisoma kama kila mtu wa kwetu anavyolisoma. Angeamini bibi amekwisha kufa. Nikaandika, "Bibi anaumwa kidogo." Kidogo ni neno gani? Nikafuta. Dakika tisa zilikuwa zimebaki na sikuwa nimetuma hata herufi moja.

Nikapiga. Nilikuwa sijawahi kumpigia mama mimi mwenyewe, hata siku moja. Iliita sana. Akapokea, nyuma yake watoto wanapiga kelele na maji yanamwagika.

"Mwanangu? Kuna nini?"

Nikaondoa simu sikioni kuangalia dakika.

"Mbona umepiga? Kuna nini? Sema!"

"Mama," nikasema. "Kuna namba imeingia kwenye simu yako. Nisomee."

"Namba ya nini?"

"Ya siti. Ya Alhamisi."

Watoto bado wanapiga kelele. Halafu sauti ya mama ikashuka, ikawa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Amekufa."

"Hajafa mama."

"Usinifiche. Wamekutuma. Amekufa, mnanificha."

"Hajafa! Nimetoka kwake sasa hivi. Nimemwacha anakunywa uji. Kavimba miguu, hawezi kulala, moyo umechoka. Ameuliza unakuja lini. Hajafa mama, wallahi, lakini usingoje mwezi wa tano." Nilikuwa napiga kelele. Kuku wa jirani walikimbia. "Zimebaki dakika sita, nisomee namba!"

Nikasikia anaita watoto watoke kwenye maji. Nikasikia simu inaanguka, inaokotwa. Halafu akaanza kusoma, tarakimu moja moja, na kati ya kila tarakimu alikuwa analia kwa pumzi tu, bila sauti. Saba. Mbili. Mbili. Sifuri. Tisa. Nne. Nilipomwambia arudie ya mwisho akairudia mara tatu. Nne. Nne. Nne.

Ikakubali.

Nilipoinua kichwa anti alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani, mwiko mkononi. Sijui alikuwa amesimama hapo muda gani. Alisema tu, "Utamwambia mjomba wako wewe mwenyewe. Mimi simo."

Mjomba hakunipiga. Akaniuliza, "Umemkatia na ya kurudi?"

"Hazikutosha."

"Kwa hiyo umemtoa mtu kazini." Akanyanyuka. "Na mama yetu akipona kesho? Utamwambia nini dada yangu? Utampa kazi wewe?"

Nilichokuwa nacho moyoni ni hiki: nilitaka bibi apone kesho, mama afike akute mama yake anapalilia, wote wanikasirikie mpaka nizeeke. Niliomba hivyo kwa siku nne. Madam alimwambia mama kwamba akiondoka sasa ataleta mtu mwingine, akampa pasipoti yake na mshahara wa siku alizofanya. Mama akaondoka.

Alishuka kwenye basi pale standi Alhamisi jioni. Alikuwa mfupi. Ndicho kitu cha kwanza nilichokiona, kwamba nimemzidi urefu. Alinishika uso kwa mikono miwili, akaniangalia. Asubuhi alikuwa Kang'ata.

Bibi aliishi siku tisa baada ya hapo. Nne za mwanzo alimjua mwanaye. Siku ya kwanza alimgusa kichwa na kusema, "Umenenepa kwa watu." Siku ya tatu alimwambia ampikie maharage, akala vijiko viwili. Siku ya tano akaanza kumwita mama kwa jina la dada yake mwenyewe aliyekufa zamani, na mama akaitikia. Mimi nilikuwa shule. Nilifika Jumamosi mbili. Ya pili nilifika akiwa ameshafunikwa.

Kwenye daftari la hesabu, ukurasa wa nyuma, niliandika elfu thelathini na saba na mia saba, nikagawanya kwa tisa. Pointi elfu nne mia moja themanini na tisa kwa siku moja ya mama na bibi. Halafu nikahesabu tangu tarehe ishirini mwezi wa pili mpaka siku bibi aliyofariki. Ni siku sabini na moja. Elfu thelathini na nne gawanya kwa sabini na moja: mia nne sabini na tisa. Siku zenye bibi anayetembea na kutania, anayepanda mahindi na mwanaye upande wa pili wa mstari. Najua kwamba mwezi wa pili nao angekosa tiketi ya kurudia. Sasa pia hana. Nimefanya hesabu ile mara nyingi na kila mara jibu ni lile lile. Nilikuwa na siti ya bei nzuri kuliko zote nilizowahi kuziona, nikaandika hakuna.

Baada ya hitima watu walitawanyika. Mama alibaki Kang'ata kusafisha nyumba, nami nikabaki naye siku moja kabla ya shule. Alikuwa nyuma ya nyumba, mahindi yakiwa karibu kumfika kifuani, anafua khanga za bibi kwenye beseni. Nilisimama nyuma yake. Nilikuwa nimejiandaa kumwandikia kwenye karatasi na kuiacha kitandani. Karatasi nilikuwa nayo mfukoni. Lakini niliona nikifanya hivyo nitakuwa nimejificha tena.

"Mama. Ile siti ya mwezi wa pili ilikuwepo."

Aliendelea kusugua. Nikadhani hakusikia, kama kawaida ya watu na sauti yangu.

"Niliiona. Nikakuambia haipo."

Mikono ikasimama ndani ya maji. "Kwa nini?"

"Nilitaka uje nikiwa nimefunga shule."

Hakugeuka. Povu lilikuwa linapasuka taratibu kwenye beseni na niliyasikia mapovu.

"Mwezi wa pili," akasema. "Alikuwa anatembea?"

"Alikuwa analima, mama. Alikuwa anaandaa shamba hili."

Akayaangalia yale mahindi. Aliyaangalia kwa muda mrefu sana, safu moja baada ya nyingine, kama mtu anayetafuta kitu alichokidondosha humo. Nilisubiri anipige. Ningefurahi. Akainua khanga kutoka kwenye maji, nzito, rangi zake zimefifia, akanyoosha mkono nyuma bila kuniangalia.

"Shika huku."

Nikashika ncha moja, yeye akashika nyingine. Tukasokota, yeye upande wake, mimi upande wangu, na maji yakamwagika miguuni petu.

"Zimebaki ngapi?" akauliza.

"Mia tano."

"Zinatoa nini?"

"Hazitoi kitu. Zitakufa mwezi wa sita."

Akaitikia kwa kichwa. Nililegeza mkono nikidhani tumemaliza, khanga ikalegea katikati.

"Kamua," akasema. "Bado ina maji."